Anwani ya Mtandao ya Kifaa cha Ufuatiliaji: Namna ya Kuiweka na Kuithibitisha

Kifaa kinachofuatilia joto la jokofu la chanjo, unyevu wa chumba cha seva au kiwango cha mafuta kwenye tangi la jenereta kina kazi moja kubwa: kutoa tahadhari mapema. Kikipoteza anwani yake ya mtandao huendelea kupima kama kawaida na taa zake huwaka, ila tahadhari haimfikii mtu. Hatari iko hapo, kwa sababu ukimya wa kifaa kilichokatika mtandaoni haupambanuki na ukimya wa jokofu lisilo na tatizo. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kifaa cha aina hii kipewe anwani isiyobadilika, na kazi isihesabiwe kuisha mpaka tahadhari ya majaribio ionekane imefika.

Kabla ya kugusa kifaa

Anza kwa msimamizi wa mtandao. Akupe vitu vinne: anwani ya IP ambayo haina mwenyewe, maski ya mtandao, anwani ya lango na anwani ya seva ya DNS. Anwani ya IP ya toleo la 4 ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Maski hukionyesha kifaa ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtandao na ipi inayokitaja kifaa chenyewe. Lango ni ruta inayopitisha taarifa kwenda nje ya mtandao huo. DNS hugeuza majina, kwa mfano la seva ya barua pepe, kuwa namba.

Chukua mtandao wa 192.168.20.0 wenye maski ya 255.255.255.0. Namba tatu za mwanzo lazima zifanane kwa vifaa vyote. Ya mwisho ndiyo ya kifaa. Anwani inayoishia na 0 hutaja mtandao wenyewe, na inayoishia na 255 hutumika kutangazia vifaa vyote kwa pamoja, hivyo hubaki anwani 254, kuanzia 1 hadi 254. Ikiwa lango ni 192.168.20.1 na seva ya DHCP, yaani inayovigawia vifaa anwani yenyewe, hugawa kuanzia 100 hadi 200, kifaa kinaweza kupewa 192.168.20.30.

Sharti ni kwamba anwani hiyo iwe nje ya safu inayogawiwa na DHCP. Ukichagua 192.168.20.120 kwa kuwa leo haina anayeitumia, kifaa kitafanya kazi vizuri hadi siku seva itakapompa mtu mwingine namba hiyohiyo. Kuanzia hapo kifaa kitapatikana, kitapotea, kisha kitapatikana tena, na fundi atahangaika kubadilisha kebo zisizo na kosa. Kabla ya kuitumia anwani, kwenye kompyuta iliyo katika mtandao huohuo andika ping (amri inayouliza kama kuna kifaa kinachojibu) ikifuatwa na anwani hiyo, halafu arp -a, inayoorodhesha vifaa ambavyo kompyuta imevitambua kwenye mtandao huo. Hatua ya pili ina sababu yake: vifaa vingi vimezuiwa kujibu ping, lakini kifaa kilichowashwa kikiwa kwenye mtandao huo lazima kijibu swali la ARP, yaani la kuuliza ni nani mwenye anwani fulani, la sivyo hakiwezi kuwasiliana na jirani yake. Kipimo hiki hakikioni kifaa kilichozimwa wakati huo, kwa hiyo angalia pia daftari la anwani.

Andika vilevile anwani ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa ambayo kimetoka nayo kiwandani, iliyo kwenye lebo yake, yaani tarakimu na herufi 12 zinazotumia 0 hadi 9 na A hadi F. Ipige picha kabla kifaa hakijafungwa ukutani, maana lebo mara nyingi huwa mgongoni.

Kuiandika ndani ya kifaa, au kuihifadhi kwenye DHCP?

Anwani isiyobadilika hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kuiandika kwenye kifaa, au kuiagiza seva ya DHCP ikipe kifaa chenye MAC fulani anwani ileile kila mara. Njia ya pili ni rahisi kusimamia vifaa vikiwa vingi. Kwa kifaa kinachotoa tahadhari, hata hivyo, sisi tunapendelea ya kwanza. Umeme ukikatika na kurudi, kifaa chenye anwani yake ndani huanza kuzungumza na seva ya tahadhari iliyo kwenye mtandao huohuo bila kusubiri DHCP iamke. Ukiona kifaa kimejipa anwani inayoanza na 169.254, jua kwamba kiliiomba DHCP anwani na hakikujibiwa.

Kuingia kwa mara ya kwanza

Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na anwani iliyochapishwa kwenye lebo au mwongozo. Tuseme ni 192.168.1.100. Kompyuta mpakato yako haiwezi kukifikia mpaka iwe kwenye mtandao huo wa muda, kwa hiyo kwenye mipangilio ya poti ya kebo iandikie 192.168.1.10 na maski 255.255.255.0, ukiacha lango wazi. Unganisha kebo moja kwa moja kati ya kompyuta na kifaa. Zima waifai: ikiwa waifai yako nayo inatumia 192.168.1, kompyuta inaweza kupeleka maombi huko nawe ukadhani kifaa kimekufa. Kifaa kinachopata umeme kupitia kebo ya mtandao hakitawaka kikichomekwa kwenye kompyuta. Weka katikati swichi yenye PoE, yaani inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao. Kisha fungua kivinjari na uandike http:// ikifuatiwa na anwani.

Ukiwa na vifaa kadhaa vipya vya aina moja, viwashe kimoja kimoja, kwa kuwa vyote vimezaliwa na anwani moja. Hata hivyo, cha pili kinaweza kugoma kufunguka, maana kompyuta bado inaikumbuka MAC ya kile cha kwanza. Kwenye Windows, fungua kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi na uandike arp -d * ili kuifuta kumbukumbu hiyo.

Kifaa kilichoandaliwa kiwandani kuomba DHCP hakina anwani ya kwenye lebo. Kichomeke kwenye mtandao, fungua orodha ya anwani zilizogawiwa na ruta, kisha tafuta MAC uliyoipiga picha.

Kujaza na kuhifadhi

Badilisha mpangilio kutoka DHCP kwenda anwani ya kudumu, ujaze vile vitu vinne. Usiongeze sifuri mbele ya namba: baadhi ya programu husoma 010 kwa hesabu ya msingi wa nane na kuifanya 8. Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa utaganda. Usikizime, kimehamia kwenye anwani mpya huku kivinjari kikiendelea kuita ile ya zamani. Rudisha mipangilio ya kompyuta yako, kichomeke kifaa kwenye mtandao wake, kiite kwa anwani mpya. Halafu chomoa umeme wake na uurudishe. Vipo vifaa vinavyotumia mipangilio mipya mara moja bila kuiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu mpaka uamuru tena, navyo vikizimika hurudia anwani ya zamani.

Kosa linavyojionyesha

Lango likiwa tupu au limekosewa, kifaa hufunguka kutoka chumba cha jirani ila hakifunguki kutoka jengo lenye mtandao mwingine, na barua pepe za tahadhari zinazokwenda nje hazitoki. Fundi anayejaribu akiwa palepale ataridhika bure. Lango lazima liwe ndani ya mtandao uleule wa kifaa.

Maski iliyokosewa ni ngumu zaidi kuitambua. Mtandao wenye maski 255.255.254.0 unaoanzia 192.168.20.0 hufika hadi 192.168.21.255. Kifaa chenye anwani 192.168.20.30 kikiandikiwa 255.255.255.0, kitaona kompyuta ya 192.168.21.15 kuwa ya mtandao wa mbali na kutuma majibu yake kwenye lango badala ya kumpelekea mlengwa moja kwa moja. Ruta nyingine huyarudisha, nyingine huyatupa. Matokeo yake ni kifaa kinachoonekana na baadhi ya watu tu, katika mtandao mmoja.

DNS ikikosekana, kifaa hushindwa kuitambua seva ya barua pepe kwa jina, na mara nyingi hushindwa pia kuipata seva ya muda. Saa ikipotea, rekodi za joto haziwezi kuonyesha chanjo zilikaa nje ya kiwango kwa muda gani, na kumbukumbu ya namna hiyo haina msaada wa maana kwa anayetakiwa kuamua kama zitumike.

Jaribu tahadhari yenyewe

Kujibu ping kunathibitisha kwamba kifaa kiko mtandaoni, basi. Shika kihisi mkononi au shusha kwa muda kikomo cha joto, usubiri ujumbe ufike kwenye simu ya mhusika wa zamu. Kama unatumia SNMP, lugha ya mtandao ambayo seva hutumia kusoma na kusimamia vifaa, maswali ya seva huingia kupitia poti 161 ya UDP na tahadhari za kifaa huenda poti 162. Ukuta wa moto ukifungua ya kwanza peke yake, seva itasoma joto vizuri lakini tahadhari hazitafika. Mwisho chomoa kebo ya mtandao. Seva inapaswa kulalamika kwamba haikisikii kifaa. Isipolalamika, washa ukaguzi wa uhai, kwa mfano kila baada ya dakika 5.

Badilisha nywila ya kiwandani, na kama SNMP inatumia neno public kama nywila yake, libadilishe pia. Usifungue poti kwenye ruta ili kifaa kionekane kutoka intaneti. Anayekihitaji akiwa mbali apitie VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia kwenye mtandao wa ndani.

Bandika anwani mbele ya kifaa, kisha iandike kwenye daftari pamoja na MAC, maski, lango, poti ya swichi na tarehe. Kifaa kikihamishwa au kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kikibonyezwa, majaribio ya tahadhari yafanywe upya, kuanzia kihisi hadi simu.