Kazi na uzazi: yanayosemwa, na yanayoonekana ukihesabu vizuri

"Kazi ile wengi hawana watoto, basi ndiyo inayofunga kizazi."

Hili ndilo linalopotosha zaidi. Tuseme mtafiti anashuka pwani ya Paje, Unguja, maji ya bamvua yakishatoka, awahoji wanawake anaowakuta wakifunga mwani kwenye kamba. Aliyejifungua juzi yuko nyumbani. Mwenye watoto wadogo watatu pengine mwani ameshauacha, anauza maandazi barazani. Huko majini wamebaki zaidi wasio na mtoto wa kuwazuia. Hapo kutokuzaa ndiko kulikowabakisha kazini, wala si kazi iliyowazuia kuzaa. Lazima watafutwe na walioacha, na kila mama aulizwe alikuwa akifanya kazi gani wakati akitafuta mimba.

"Waulizwe waliozaa, wao ndio wanaojua."

Hapana. Inahesabiwa miezi, tangu mke na mume walipoanza kutafuta mtoto. Kila mwezi unauliza: katika waliokuwa bado wanasubiri, wangapi wameshika mimba? Aliyesubiri miezi 8 na bado hajapata, miezi yake yote 8 inaingia. Ukimtupa, kazi yenye madhara itaonekana salama. Mwezi ambao mume alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, hauhesabiwi. Kwa njia hii, mwaka 1992 watafiti Marekani walionesha kuwa wasaidizi wa madaktari wa meno waliovuta gesi ya nusukaputi kwa saa 5 au zaidi kwa wiki, pasipo mtambo wa kuiondoa, uwezekano wao wa kushika mimba kila mwezi ulikuwa asilimia 41 tu ya ule wa wenzao wasioivuta. Penye mtambo, tofauti hiyo haikuonekana.

"Tatizo ni la mwanamke."

Wapo wanaoachwa kwa neno hili, na linaniuma. Mwaka 1977, wanaume wa kiwanda kimoja cha Lathrop, California, walipimwa baada ya kuona wenyewe kwamba hawapati watoto. Walikuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Baadhi yao hawakukutwa na mbegu hata moja. Wake zao hawakuwa na kosa lolote.

Mbegu ya mwanamume huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Kwa hiyo fundi wa rangi au mpiga dawa shambani aulizwe kazi aliyoifanya miezi 3 iliyopita, si ya leo peke yake.