Je, wajua kwa nini kwenye poka karata mbovu huweka dau, na ya kati hunyamaza?

Chukua karata tatu tu: K, Q na J. K ndiyo kubwa, J ndiyo ndogo. Mnacheza wawili, kila mtu anapewa moja, ya tatu inabaki imefunikwa. Kila mmoja ametanguliza shilingi 600 mezani. Wewe ndiye unayeanza: ama unapita, ama unaweka dau la shilingi 600 nyingine. Ukiweka, mwenzako anaweza kulipia ili karata zifunuliwe, au kutupa yake na kukuachia fungu lote. Ukipita, yeye naye anaweza kuweka dau, na hapo kulipia au kutupa kunakuwa kazi yako. Mkipita wote, mnafunua bure.

Umeshika Q. Unafanyaje?

Mimi ningeweka dau, na ningeweka kwa kujiamini. Nilijifunzia poka kwenye simu, meza za hela za kuchezea, na kwa muda mrefu nilikuwa na kanuni moja: karata nzuri sana, dau kubwa, karata za kati, dau la kati, karata mbovu, nyamaza. Inaonekana ni akili ya kawaida kabisa. Nadhani niliibeba kutoka kwenye albastini, ambako zamu ikikufikia ni lazima utoe karata, huna ruhusa ya kupita, na kila karata ina kazi ya kufanya.

Kanuni hiyo nilikuwa naitetea kwa sababu mbili, na zote mbili utazisikia kwa watu wengi. Ya kwanza: “nalinda karata zangu”. Ya pili: “nataka nijue nimesimama wapi”. Hii ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi, maana inafanana na hekima. Unaweka dau dogo, mtu akitupa unajua ulikuwa mbele, akilipia unajua uko nyuma. Tatizo ni kwamba umelipa fedha ili uambiwe jambo ambalo huwezi tena kulitumia. Aliyetupa ameshaondoka, hatakuongezea hata senti. Aliyebaki amebaki kwa sababu anakushinda.

Turudi kwenye Q yetu, tupige hesabu. Mwenzako ana K au J, nusu kwa nusu. Ukiweka dau, mwenye J anajua hana cha kufunua, anatupa: unapata zile 600 zake za mwanzo. Mwenye K anajua hawezi kushindwa, analipia: unapoteza 1,200. Kwa wastani kila mchezo unakutoa shilingi 300.

Sasa pita. Mwenye K ataweka dau kila mara. Mwenye J, akiwa mtu wa hesabu, atapiga mkwara (yaani ataweka dau la kutishia tu) mara moja katika tatu, na mara mbili atapita akubali yaishe. Tuseme wewe umeamua kutupa kila unapowekewa dau. Kwa K unapoteza 600. Kwa J unapata 600 mara mbili na kupoteza 600 mara moja, yaani faida ya 200 kwa wastani. Changanya: hasara ya shilingi 200. Tuseme badala yake unalipia kila mara. Kwa K unapoteza 1,200. Kwa J unapata 600 mara mbili na 1,200 mara moja, wastani 800. Changanya tena: hasara ya shilingi 200 ileile. (Si bahati. Hiyo moja katika tatu ya J imepimwa makusudi ili wewe usijue la kufanya.)

Kwa hiyo Q inakula hasara vyovyote vile, lakini kupita kunakuokolea shilingi 100 kila mara. Ukizoea kudhani ufundi wa poka ni kushinda, inachukua muda kuzoea kwamba sehemu kubwa yake ni kupunguza hasara.

Kinachoendelea hapo nilikielewa vizuri pale nilipofikiria chekeche la mafundi ujenzi. Fundi anamwaga mchanga juu ya waya, anatikisa. Mchanga laini unapita chini, juu yanabaki mawe. Dau lako ni chekeche. Ukilitikisa, karata dhaifu za mwenzako zinapita na kupotea, juu yanabaki mawe, na ni hayo mawe utakayofunua nayo karata. Mwenye K anafurahi, maana karata yake inavunja jawe lolote. Mwenye J naye hana neno: hakuwa na tumaini la kufunua, anaomba tu vyote vipite. Mwenye Q ndiye amefanya ujinga. Alikuwa anaushinda mchanga na kushindwa na mawe, na kwa mkono wake mwenyewe ameumwaga mchanga.

Ndiyo maana swali la “mara ngapi niko mbele?” halitoshi. Swali ni: kati ya wale watakaolipia, wangapi ninawashinda? Karata inaweza kuwa mbele mara saba katika kumi kabla ya dau, na ikawa nyuma mara nane katika kumi ya walipaji.

Kwa upande wa J mambo yanachekesha. Ukianza wewe na J dhidi ya mtu anayecheza kwa hesabu, ukipita unapoteza 600 kwa wastani, ukipiga mkwara unapoteza 600 hizohizo. Mkwara haukugharimu kitu, ila unaifanya K yako ilipiwe siku nyingine. Kipimo chake ni kwamba K iweke dau mara tatu ya J. Q haiweki kabisa.

Mchezo huu wa karata tatu ulichapishwa mwaka 1950 na mwanahisabati Mmarekani Harold Kuhn. Kabla yake, mwaka 1944, John von Neumann na Oskar Morgenstern walikuwa wameonyesha sura hiyohiyo katika poka yao ya kwenye karatasi: dau liwekwe na karata za juu kabisa na za chini kabisa, za kati zipite.

Poka ya mtandaoni si karata tatu. Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa huko, ina michanganyiko 1,326 ya karata mbili za kuanzia, na karata za mezani, ambazo ni za wote, zinafunuliwa kwa awamu. Awamu za mwanzo, zile tatu za kwanza zikiwa zimetoka, “kulinda” kuna maana ya kweli kiasi: mwenye karata dhaifu bado anaweza kupata karata ya kumwokoa, na dau dogo linamtoza nauli ya kuisubiri. Programu zinazokokotoa mchezo huu huziwekea karata za kati dau dogo mara nyingi tu katika hatua hiyo. Hesabu ya Q inabana zaidi mwishoni, pale ambapo hakuna karata nyingine ijayo.

Tena yote haya yanamchukulia mwenzako kuwa mtu wa kutupa anapopaswa kutupa. Mezani kuna K, 9, 4, 2 na 7, rangi zimechanganyika, zote zimeshafunuliwa. Wewe una 10 na 9, yaani jozi ya 9. Mbele ya mchezaji makini, pita. Lakini kwenye meza za dau dogo yuko yule asiyetupa kamwe, anayelipia kwa jozi ya 4, kwa jozi ya 2, hata kwa ree tupu, ili mradi aone. Kwake chekeche lina matundu madogo mno, mchanga wote unabaki juu pamoja na mawe. Huyo muwekee dau, tena usimpigie mkwara hata siku moja.