Ubora wa maisha kwa mwanamke mwenye saratani ya viungo vya uzazi

Katika tiba ya saratani, ubora wa maisha ni namna mgonjwa mwenyewe anavyoyaona maisha yake chini ya ugonjwa na matibabu: mwili wake, hisia zake, uhusiano wake na watu, na uwezo wake wa kufanya shughuli za kila siku. Mwenye kauli hapa ni mgonjwa. Daktari anaweza kuona kwenye picha kwamba uvimbe umesinyaa, asijue kuwa mwanamke huyo ameacha kutoka nyumbani kwa sababu mkojo unamtoka bila kujizuia.

Saratani za mlango wa kizazi, mji wa mimba, ovari, uke na sehemu za nje za uke hutibiwa kwa njia zinazoacha alama mahali ambapo wengi huona haya kupataja. Mionzi ya nyonga huweza kuukausha uke na kuufanya uwe mwembamba na mfupi, hata kujamiiana, na pengine kupimwa na daktari, kukaleta maumivu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupewa vifaa vya kuupanua uke baada ya tiba. Mwanamke aliyekuwa bado akipata hedhi, akiondolewa ovari zote mbili, huingia ukomo wa hedhi kwa ghafla, pamoja na vipindi vya joto kali na kukosa usingizi. Kuondolewa kwa tezi za limfu huweza kuvimbisha miguu, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, na dawa za saratani kama paklitakseli huweza kutia vidole ganzi kiasi kwamba kufunga kifungo cha nguo ni kazi.

Hali hizi hupimwa kwa hojaji. Inayotumika sana ni QLQ-C30, yenye maswali 30, iliyochapishwa mwaka 1993, ambayo kwa saratani ya mlango wa kizazi huongezewa hojaji nyingine, QLQ-CX24. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Alama ya juu ni njema kwenye maswali ya uwezo lakini mbaya kwenye maswali ya dalili, jambo linalowachanganya wasomaji wengi wa ripoti.

Alama hizo zisomwe kwa uangalifu. Katika QLQ-CX24, maswali kama lile la maumivu wakati wa kujamiiana hujibiwa tu na aliyejamiiana katika wiki 4 zilizopita, kwa hiyo aliyeacha kwa sababu ya maumivu hayo hayo huyaruka, na shida yake haionekani kwenye jedwali mpaka mtu amuulize ana kwa ana.