Je, wajua kwa nini hati za nyumba za Lewiston hazikai Lewiston?

Mtu akitaka kujua nani hasa anamiliki jengo analopanga kwenye mji mdogo wa Marekani, mara nyingi anaanzia sehemu mbili. Moja ni zile tovuti za kutafuta watu, unaandika jina, unalipia, unaletewa anwani za zamani na orodha ya watu ambao labda ni ndugu zake. Ya pili ni ofisi ya jiji, kwa imani kwamba mji wenyewe ndio unaowajua watu wake na mahali fulani kuna faili moja lenye kila kitu, nyumba, ndoa, kesi, kodi, mirathi. Hilo faili halipo na halijawahi kuwepo, na ukishaelewa kwa nini halipo ndo unaanza kujua pa kwenda.

Tuchukue Lewiston, jimbo la Maine. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121, na huo ni mji wa pili kwa ukubwa jimboni baada ya Portland. Ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, uliojaa kwanza Wakanada wanaoongea Kifaransa, halafu kuanzia 2001 Wasomali, na miaka ya karibuni familia nyingi kutoka Congo, Angola, Burundi na Rwanda, kwa hiyo Kiswahili unakisikia mtaani. Wengi wanapanga kwenye yale majengo ya mbao ya ghorofa tatu nne katikati ya mji, na swali la mwenye nyumba ni nani sio la udaku, kwa sababu anayepokea kodi ya pango mlangoni anaweza kuwa meneja tu na jengo ni la mtu mwingine kabisa au kampuni.

Sasa, ofisi ya jiji la Lewiston ina nini? Ina kitu, tusiidharau. Karani wa jiji anatunza vizazi, ndoa na vifo, ila Maine hivyo havifunguliwi kwa kila mtu: kumbukumbu ya kizazi inakaa imefungwa miaka 75, ndoa 50, kifo 25, na ndani ya muda huo lazima uwe mhusika, ndugu wa karibu au uwe na sababu inayokubalika kisheria. Mthamini wa kodi ya majengo naye ana kadi ya kila nyumba, na hiyo iko wazi kwa yeyote, jina la mwenye nyumba, anwani anayotumiwa bili, thamani, mwaka wa kujengwa. Basi hapo watu wengi wanasimama, wanasema tayari nimempata. Lakini kadi ya mthamini ni ya kumjua wa kumtumia bili ya kodi, haithibitishi umiliki, na nyumba ikiuzwa inaweza kuchukua muda kabla jina halijabadilishwa pale.

Hati zenyewe ziko mji wa jirani, Auburn. Unavuka mto Androscoggin kwa daraja la Longley, unaingia mtaa wa Court upande wa Auburn, na huko kwenye jengo la kaunti (ngazi ya utawala kati ya mji na jimbo) ndiko iliko ofisi ya kusajili hati za ardhi ya kaunti nzima ya Androscoggin, pamoja na mahakama ya mirathi ambako wosia ukishafunguliwa unasomeka na yeyote anayeuomba. Talaka ni za mahakama za jimbo. Sensa ni ya serikali kuu na majina yake yanafungwa miaka 72, ndo maana ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kwa hiyo mkazi mmoja wa Lewiston ametawanyika kwenye ngazi nne za serikali, na kila moja inamjua kipande tu.

Kwa nini kaunti? Kwa ufupi, koloni la Massachusetts lilipitisha sheria ya kusajili mauzo ya ardhi mwaka 1640, kazi ikaja kuwekwa kwenye kaunti, na Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka 1820, ikaendelea na utaratibu uleule. Leo ina kaunti 16 na ofisi za hati 18 maana kaunti mbili zina mbilimbili. Ila usichukue hii ukaipeleka kila mahali: Vermont, Connecticut na Rhode Island hati zinatunzwa na mji wenyewe, kwa hiyo swali la kwanza kwenye jimbo lolote ni hati zinakaa ngazi gani, halafu ndo utafute jina la mtu.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya sana watu waliotoka kwetu. Kenya au Tanzania ukienda kufanya search unaulizwa namba ya kiwanja au namba ya hati. Rejista imejengwa juu ya kipande cha ardhi, unafungua ukurasa wa kiwanja, unaona mwenyewe ni nani. Auburn ni kinyume, orodha imejengwa juu ya majina ya watu. Ukienda na namba ya nyumba tu utakwama, ukienda na jina unafunguliwa miongo ya maisha ya mtu.

Ukitaka kuielewa, fikiria daftari la madeni la duka la mtaani ambalo mwenye duka anaandika kila kitu kwa mpangilio wa kufika, leo asubuhi mama Asha sukari, baada yake fundi amechukua sabuni, kesho mama Asha tena, bila kumtengea mtu ukurasa wake. Daftari likijaa anafungua la pili, la tatu. Baada ya miaka hakuna anayeweza kupata kitu humo, kwa hiyo anaweka kijitabu cha pembeni chenye majina tu: mama Asha, angalia daftari la 3 ukurasa wa 12, daftari la 5 ukurasa wa 40. Ofisi ya hati inafanya hivyohivyo, isipokuwa vijitabu vya pembeni ni viwili, kimoja cha waliotoa na kimoja cha waliopokea. Kila hati inaandikwa mara mbili, kwa jina la muuzaji huku na kwa jina la mnunuzi kule, na zote zinaelekeza kwenye kitabu na ukurasa uleule. Siku hizi yote yako kwenye kompyuta na mengi unayaona intaneti bila kusafiri, lakini mantiki haijabadilika, bado unatafuta jina na bado unaletewa kitabu na ukurasa.

Basi kazi inaenda hivi. Kwenye kadi ya mthamini unachukua jina, na mara nyingi kadi inakupa pia kitabu na ukurasa wa hati ya mwisho. Unafungua hati. Bei hutaiona, hati nyingi za Maine zinasema tu kwamba malipo yamepokelewa. Utaona majina ya pande zote mbili, pengine wameandikwa kama mke na mume, mipaka ya kiwanja imeelezwa kwa maneno, toka kona hii futi kadhaa mpaka kwenye chuma kilichochomekwa ardhini, na karibu na mwisho kuna sentensi moja nzuri kuliko zote, inayosema kwamba mali hii ni ileile aliyopewa huyu muuzaji na mtu fulani kwa hati iliyosajiliwa kitabu fulani ukurasa fulani. Hiyo ndo inakurudisha nyuma hatua moja. Unafungua ile, nayo ina sentensi yake, unarudi tena, na mawakili wa Maine kwa kawaida wanarudi miaka 40 na zaidi kabla hawajasema umiliki ni safi. Pakikatika, yaani mtu anauza na huoni alikonunua, hapo mara nyingi alirithi na unaenda mahakama ya mirathi, ambayo kwa bahati nzuri ni ya kaunti hiyohiyo.

Ukishafika nyuma unageuka. Unachukua jina la kila mmiliki na kulitafuta kwenye orodha ya waliotoa kwa miaka yote aliyoishikilia nyumba, maana mkopo wa benki nao unahesabika kama kutoa, na deni la kodi au hukumu ya mahakama iliyofungwa kwenye nyumba inatokea hapohapo. Hatua hii ndo inayorukwa na wengi wanaotafuta wenyewe, wameona hati ina jina la muuzaji wanaridhika, kumbe miezi miwili baadaye alishaiweka rehani.

Uwazi wote huu una sababu. Ukisajili hati yako sheria inahesabu dunia nzima imejulishwa, na atakayenunua nyumba ileile baadaye kutoka kwa muuzaji yuleyule hawezi kudai hakujua. Kiwanja kuuzwa mara mbili tunakujua wote, na dawa waliyoichagua wenzetu ni kuacha daftari wazi ili kila mnunuzi alisome kabla ya kutoa hela. Kumbukumbu ya mkazi wa kawaida iko hadharani kwa sababu usiri wake ungemuumiza mnunuzi. Lakini kwa anayekimbia mtu mkatili uwazi huohuo ni hatari, na ndo maana Maine ina mpango wa kuficha anwani za watu kama hao, unaosimamiwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo. Anayetafuta jina na kukuta anwani imefichwa aiache.

Mfumo wa majina una mashimo yake pia. Majina yanafanana, na yale ya Kifaransa ya Lewiston yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu, na familia za Kikongo zenye majina marefu zinakutana na tatizo hilohilo leo pale fomu inapochukua jina lisilo sahihi kama la ukoo. Tena kaunti ya Androscoggin iliundwa 1854 tu, na kabla ya hapo Lewiston ilikuwa kaunti ya Lincoln, kwa hiyo anayefuata nyumba ya zamani sana lazima aangalie mpaka Wiscasset, makao makuu ya Lincoln. Hati iliyotolewa na mtu ambaye hati yake mwenyewe ya kununua haikusajiliwa inaweza kukaa kwenye kitabu miaka yote bila kuonekana na yeyote anayefuata majina, maana hakuna kiungo kinachomfikisha hapo.

La kuangalia zaidi ni kwamba ofisi ya hati haithibitishi kama muuzaji ni mwenye mali kweli. Inaangalia kama karatasi imesainiwa, imeshuhudiwa na notari (afisa wa kuthibitisha sahihi), ada imelipwa, basi inaingizwa kitabuni. Muhuri wa kusajiliwa unakwambia karatasi ilifika siku gani na saa ngapi. Ndo maana anayenunua nyumba huko analipia wakili au kampuni ya kukagua umiliki, pamoja na bima ya umiliki, na ofisi nyingi za hati Marekani sasa zina huduma ya bure ambapo unasajili jina lako na hati yoyote ikiingia kwa jina hilo unatumiwa ujumbe. Aliyenunua nyumba mwaka huu ajisajili, na aandike tahajia zote ambazo jina lake limewahi kuandikwa.