Risasi, kadimiamu na zebaki kwenye hori: samaki yupi, sehemu ipi, kiasi gani

Kwa miongo kadhaa Hori ya Makupa, mkono wa bahari huko Mombasa, ilipakana na jaa la taka la Kibarani, na tuta la barabara liliyazuia maji yake yasipite kwenda Hori ya Tudor. Watafiti walipima risasi na kadimiamu, madini mazito yenye sumu, kwenye maji, tope na samaki wa eneo hilo. Jaa lilifungwa, na mwaka 2022 daraja likachukua nafasi ya tuta. Majibu haya ni kwa anayevua, kupika au kununua samaki wa mahali kama hapo.

Maji yamepimwa yakaonekana safi. Samaki nao ni salama?

Si lazima. Madini mazito hayaelei majini muda mrefu. Hunata kwenye chembe laini za udongo yakazama nazo, na ndani ya hori maji hubadilika polepole, kwa hiyo tope hulimbikiza. Zamisha mguu kwenye tope la mikoko: juu ni kahawia, vidole vichache chini ni jeusi na linanuka yai viza. Weusi huo ni salfaidi ya chuma, na salfaidi ndiyo inayofunga risasi na kadimiamu. Tope likichimbwa ili kupanua njia ya meli, oksijeni hulifikia, salfaidi huvunjika na sehemu ya madini hurudi majini. Kopo moja la maji linaeleza hali ya siku ile tu. Tope linaeleza ya miaka.

Nichague samaki yupi?

Inategemea madini gani. Zebaki ndiyo inayopanda kwa kuliwa: bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huigeuza kuwa zebaki-methili, kamba huila, samaki mdogo humla kamba, mkubwa humla mdogo. Papa, nduaro na jodari wakubwa huwa juu kabisa. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 60 ana mikrogramu 96. Papa mwenye miligramu 1 (mikrogramu 1,000) kwa kilo atamaliza kikomo hicho kwa gramu 96, yaani kipande kimoja kidogo. Kibua mwenye miligramu 0.05 kwa kilo anaweza kuliwa karibu kilo 2. Mjamzito asiache samaki, abadilishe aina.

Risasi na kadimiamu ni kinyume chake: ziko zaidi kwa wanaoishi kwenye tope au wanaochuja maji, kama kaa, chaza na kombe.

Namna ya kuandaa inasaidia?

Kwa risasi na kadimiamu, inasaidia sana. Toa matumbo, ini, figo na matamvua kabla ya kuosha. Figo ni ule mstari mwekundu mweusi uliobana chini ya uti wa mgongo. Ukwangue kwa kijiko. Kwa kaa, tupa uji wa kahawia ulio ndani ya gamba, na maji uliyomchemshia usiyafanye supu. Pweza na ngisi, toa ini lote bila kulipasua. Chaza kulazwa usiku kucha kwenye maji safi hupunguza vijidudu tu. Kadimiamu huchukua wiki na miezi kumtoka.

Zebaki iko ndani ya mnofu wenyewe. Ndimu, kukaanga wala kukausha havipunguzi chochote. Ukikausha, maji hutoka na zebaki hubaki, kwa hiyo gramu ile ile ya ng'onda ina zebaki nyingi zaidi.

Na maji ya kisima kilicho karibu na hori?

Kuchemsha na dawa ya klorini huua vijidudu, havigusi madini. Kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 za risasi na 3 za kadimiamu kwa lita. Kisima kikizidi hapo, badilisha chanzo.

Nani apimwe kwanza?

Watoto chini ya miaka 6 na wajawazito wanaoishi karibu na jaa au mahali betri za magari zinapoyeyushwa. Risasi haina kiwango salama kinachojulikana. Damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, WHO inashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa. Usisubiri dalili, maana mtoto anaweza kuathirika ubongo huku akicheza kama wenzake. Mpe vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu; tumbo lenye upungufu hunyonya risasi zaidi.

Tope likishachafuka linasafishika?

Kwa gharama kubwa. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kilichokuwa kikimwaga zebaki hiyo kikaacha mwaka 1968. Kati ya 1977 na 1990 tope lililozidi zebaki miligramu 25 kwa kilo lilifukuliwa na kufukiwa chini ya hekta 58 za ardhi mpya. Nyavu zilizowazuia samaki wa ghuba ile wasitoke ziliondolewa mwaka 1997.