Je, wajua kwa nini pikapu kuukuu za tani moja bado zinatafutwa Dar?

Pita nyuma ya gari lolote dogo la mizigo lililotoka Japani, pale Buguruni au kwenye soko la Ilala, uangalie ubao wa nyuma wa bodi. Mara nyingi bado kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu unazoweza kuzisoma: 350kg, 1000kg, 1250kg. Sheria ya kule inataka gari la mizigo lionyeshe nyuma uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba. Kibandiko kinavuka bahari na gari lake, kinashushwa bandarini, na kuanzia hapo hakuna anayekijali. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo aina ya Suzuki Carry na wenzake, ina 350kg, yaani mifuko 7 ya saruji. Hesabu mwenyewe mifuko iliyo kwenye Kirikuu ya kwanza itakayokupita.

Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Ni gunia 10 za viazi za kilo 100, kama hazikufungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita mdomo wa gunia. Ni tenki la maji la lita 1000 likijaa, na hapo hujahesabu uzito wa tenki lenyewe wala utingo aliyelikalia. Huo ndio mzigo unaolisha pikapu nyingi za jiji hili, na nyingi kati ya hizo zilitengenezwa miaka ya 80 na 90: Hilux zenye injini za 2L na 3L, Land Cruiser za 1HZ, Nissan za TD27, Isuzu za 4JA1 na 4JB1. Hayo ni majina ya injini za dizeli; 2L si lita mbili. Ziko mpya zaidi, zina nguvu zaidi na zinakula mafuta kidogo. Sasa kwa nini mtu mwenye pesa mkononi anaulizia ya zamani?

Ukimuuliza dalali atakujibu kwa neno moja: ngumu. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi, kwa sababu linaichanganya injini na gari. Kinachobeba tani si injini. Ni chesisi ya mihimili miwili ya chuma, springi za majani na ekseli ya nyuma. Injini kazi yake ni kuvuta tu. Ndiyo maana fundi akikuongezea majani mawili kwenye springi, gari linasimama wima hata likiwa na tani mbili, nawe unadhani limekuwa la tani mbili. Breki hazikuongezwa kitu. Beringi za magurudumu ni zilezile, na difu ni lilelile. Injini nayo inapanda kilima cha Pugu kwa gia ya pili, moto mwingi, upepo kidogo, na huko ndiko injini nyingi zinakomalizwa.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha injini za magari haya, nguvu ya farasi haikusaidii sana. Uliza kila injini inakufaje: ghafla au kwa taarifa, na ikifa anahitajika nani wa kuifufua.

Kabla ya hapo, ijue injini unayouziwa. Toyota wanaiandika kwenye namba ya chesisi. Hilux ya LN106: L ni ukoo wa injini, N ni Hilux. Ukiona RN au YN, hiyo ni petroli. Dyna ndogo ya dizeli ni LY. HZJ79 ni injini ya HZ ndani ya Land Cruiser, ambayo herufi yake ni J. Hilux za kizazi kilichoanza miaka ya 2004 na 2005 ni KUN, yaani ukoo wa KD, ambao nitaufikia. Muuzaji akikuambia gari ni dizeli ya kiwandani na chesisi inaanza na YN, basi injini iliwahi kubadilishwa. Si kosa, lakini ni jambo la kuulizia.

Tuanze na ukoo wa L, maana ndio umejaa mjini. 2L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986. Zote ni silinda nne, na hizo tatu hazina turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa ya ziada. Dizeli haiwashwi na plagi: pistoni inaibana hewa, kwenye injini hizi karibu mara 22, mpaka ipate joto la kutosha kuwasha mafuta yakinyunyizwa. Upekee wa L uko mahali yanaponyunyiziwa. Nozeli, yaani kinyunyizio cha mafuta, haimwagi juu ya pistoni, inamwaga ndani ya kichumba kidogo kilichochimbwa kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha chuma juu ya silinda. Moto unaanzia humo, kisha unatoka kwa kasi kupitia tundu jembamba na kwenda kuisukuma pistoni.

Mpango huo una faida moja kubwa. Hewa inazunguka kwa nguvu ndani ya kichumba, kwa hiyo mafuta yanachanganyika vizuri hata kama hayakunyunyizwa kwa ustadi. Nozeli inafunguka kwa shinikizo la mara mia moja na kitu la hewa ya kawaida, ambalo kwa dizeli ni dogo. Pampu inayopeleka dizeli kwenye nozeli inazungushwa na belti, haina kompyuta. Umeme unahitajika kuzungusha stata, kuwasha hita plagi (vijiti vya kupasha joto vichumba asubuhi) na kufungua kivalvu cha mafuta, basi. Injini ikianza kusumbua, unapeleka pampu na nozeli kwa fundi pampu, anazifunga kwenye mashine yake, anarekebisha, unarudi kazini.

Hasara yake ni joto. Moto unaopita kwenye kichumba na tundu lake unaacha joto jingi kwenye hedi, ndiyo sababu injini za namna hii hula mafuta zaidi, asilimia 10 hadi 15 hivi, kuliko zinazonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Na gari likichemsha, hedi ndiyo inayopasuka, mara nyingi katikati ya vali mbili. Toyota walipoipachika turbo kwenye 2L, ikawa 2L-T, joto likaongezeka kwenye hedi ambayo tayari ilikuwa imebanwa, na sifa ya kupasuka hedi imeifuata injini hiyo dunia nzima. Binafsi, nikiambiwa Hilux ni 2L ya turbo, naagana kwa adabu.

Kinachoiua L hapa Dar, zaidi ya mlima, ni foleni. Ukikaa Barabara ya Mandela mchana, katikati ya malori ya bandarini, gari halipati upepo wa mwendo. Linategemea feni peke yake, na feni hiyo ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Mafuta hayo yakiisha feni inazunguka kivivu, na dereva haoni tofauti mpaka siku ya foleni ndefu. Pili ni maji ya rejeta. Visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi, na watu wanajazia rejeta humohumo. Chumvi inaleta kutu na magamba, mirija ya rejeta inaziba mmoja baada ya mwingine, na hakuna taa inayowaka kukuambia.

Kifo cha ghafla cha L ni kimoja: taimingi belti, mkanda unaolinganisha mwendo wa vali na wa pistoni. Ikikatika, vali na pistoni zinagongana. Kwenye Hilux nyingi kuna taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000, ila kwenye gari la mtumba sioni sababu ya kuiamini. Badilisha belti siku unayonunua gari.

Nissan hawakuwa na tatizo hilo. TD27 yao, sentimita za ujazo 2663, inaendesha taimingi kwa gia za chuma, hakuna belti ya kukatika. Ina kelele, ni nzito mwendoni, na nadhani ndiyo maana watu wanaidharau bila haki. Isuzu 4JB1, 2771, inanyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Inagonga kwa sauti kali ikiwa baridi, lakini inawaka upesi na haina tamaa ya mafuta. Viwanda vya China vimeitengeneza kwa miaka mingi, na hilo linasaidia kwenye bei ya spea.

Halafu kuna 1HZ. Hii ni silinda sita, sentimita za ujazo 4164, ilianza 1990 na ikawekwa kwenye Land Cruiser za pikapu na zile ndefu zinazobeba watalii na wagonjwa. Ina kichumba kwenye hedi, belti, na haina turbo, sawa na L. Tofauti ni kwamba inatoa nguvu za farasi 130 hivi kutoka kwenye ujazo mkubwa namna hiyo, maana yake haikamuliwi. Mvuto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutonimita 285 hivi, na unaupata kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Tani moja kwake si kitu cha kuitoa jasho, na injini isiyotoka jasho inachelewa kuchemka. Wanaoiua ni wale wanaoifungia turbo ya nje bila kupima joto la moshi.

Inafaa hapa tuchungulie Marekani, kwa sababu huko tani moja ni daraja zima la magari na ubishi wa injini zake hauishi. Ford F-350, Dodge na Chevrolet za daraja hilo zilikuwa na dizeli zenye ujazo unaozidi 1HZ kwa mbali. Dodge walifunga Cummins ya lita 5.9 kuanzia magari ya mwaka wa 1989, injini ya silinda sita yenye taimingi ya gia na mvuto wa nyutonimita 540 hivi, karibu mara mbili ya 1HZ. Nayo ina ugonjwa wake: pini ndogo ya chuma iliyoko karibu na gia za taimingi inaweza kulegea taratibu ikadondokea ndani ya gia. Dizeli ya lita 6.5 ya General Motors ilipowekewa pampu ya kielektroniki mwaka wa 1994, kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye pampu kikawa kinaungua kwa joto la injini.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Ford 7.3 ya zamani, ile ya kabla ya Power Stroke, dizeli ya Ford iliyoifuata. Kila moto unapolipuka, ukuta wa silinda unatetemeka, na upande wa nje wenye maji vinatokea viputo vidogo vinavyopasuka palepale juu ya chuma. Viputo hivyo vinachimba vishimo, mwaka hadi mwaka, mpaka maji yanaingia ndani ya silinda. Dawa yake ni kemikali inayochanganywa kwenye maji ya rejeta. Asiyeitia, bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, inatoboka ingawa hajawahi kuchemsha hata siku moja. Mtu anayejazia rejeta maji ya kisima Dar hana bloku ya Ford, lakini tabia ni ileile. Gari zenyewe za Marekani, hapa kwetu usukani wa kushoto na uchache wa spea vinatosha kuzikataa.

Turudi kwenye KUN. Injini zake, 2KD ya 2494 na 1KD ya 2982, zinanyunyiza moja kwa moja, zina turbo, na nozeli zinafunguliwa na kompyuta kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 la hewa ya kawaida. Ukiipata iliyotunzwa, inaishinda 5L kwa kila kitu: mvuto, mafuta, moshi, kelele. Mimi simlaumu anayeichagua. Tatizo ni kwamba kwa shinikizo hilo nafasi kati ya vyuma vya nozeli ni ndogo mno, na tone la maji au uchafu wa dizeli ya dumu vinaikwaruza. L ikilishwa dizeli hiyohiyo inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakula mafuta, na inaendelea kupeleka nyanya Tandika kwa wiki kadhaa huku ukikusanya pesa ya fundi. KD inawasha taa na kupunguza nguvu yenyewe, wakati mwingine inazima palepale, halafu unahitaji mtu mwenye mashine ya kuisoma na mfuko wa kununua nozeli nne.

Kwa mwenye gari moja linalolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto, wiki hizo za taarifa zina thamani. Ndizo anazozinunua anapoulizia 3L au 5L badala ya gari jipya zaidi.

Ukienda kuangalia, nenda asubuhi na ushike bloku kwa mkono kabla hawajawasha. Ikiwa ya moto, kuna aliyeiwasha mapema kwa sababu zake. Fungua mfuniko wa rejeta ingali baridi, uone maji: ya kahawia yana kutu. Mwambie fundi awashe huku mfuniko uko wazi. Mapovu yasiyokoma yanamaanisha gesi ya silinda inaingia kwenye maji, yaani hedi au gasketi yake imekwenda. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni nozeli au pampu, na hizo za mwisho ndizo nafuu.

Mwisho chukua kadi ya usajili wa gari, utoe uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu ulioandikwa. Kinachobaki ndicho mzigo wake halali, pamoja na wewe na utingo. Kisha ulinganishe namba ya injini ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bloku, kwa kuwa 2L nyingi zilishatolewa zikafungwa 3L au 5L, na si kila mwenye gari alikumbuka kubadilisha kadi.