Mtoto wa Duchenne akisema mgongo unamuuma, mpelekeni akapigwe picha

Swali: Duchenne ni ugonjwa gani?
Ni ugonjwa wa kurithi wa misuli, karibu wote wanaoupata ni watoto wa kiume. Misuli inaisha nguvu kidogo kidogo, mtoto anaangukaanguka, mwisho anahitaji kiti cha magurudumu.

Swali: Mifupa inaingiaje hapo?
Mfupa unaimarika ukivutwa na misuli na kubeba mwili, misuli ikilegea na wenyewe unadhoofu. Halafu kuna dawa anayotumia ya prednisoloni, inamsaidia atembee miaka mingi zaidi ila inakula mifupa. Msije mkaikatisha ghafla kwa kusoma hivi, anaweza kuzidiwa hadi kufa!

Swali: Si mgongo unauma kwa kukaa sana tu?
Hapana jamani, hapana. Hapa Tanga naletewa vijana wamepakatwa kwenye bajaji, mgongo unanuka mafuta ya nazi na karafuu, mmoja wa Pongwe alichuliwa wiki tatu nzima na bibi yake kila jioni, tulipompiga eksirei ya mgongo kwa ubavuni pingili mbili zimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Na hakuwa ameanguka popote, alikuwa kainama tu kuchukua daftari.

Swali: Lakini akichuliwa anasema anapata nafuu.
Nafuu ya saa moja, pingili iliyobonyea hainyanyuliwi na mafuta. Msimchue, msimkande, msimnyooshe mgongo. Picha kwanza! Kila wiki mnayosubiri nyingine inaweza kubonyea.

Swali: Na kama haumwi popote?
Apigwe vilevile, maana pingili nyingi zinavunjika kimya kimya. Picha anapoanza prednisoloni, halafu kila mwaka mmoja au miwili. Kuna mashine ya DXA inayopima madini ya mfupa, nzuri, ila si kila hospitali inayo na majibu yake yanaweza kuonekana mazuri kumbe pingili imeshavunjika, kwa hiyo msikae mnaisubiri. Muulizeni daktari na habari ya vitamini D. Pingili zikikutwa zimevunjika zipo dawa za kuimarisha mfupa za kuchomwa kwenye mshipa, na zikianza mapema ndo zinasaidia.

Swali: Akianguka kwenye kiti je?
Kwanza afungwe mkanda, hata kama anaenda dukani tu hapo. Akishaanguka, ndani ya siku mbili tatu akaanza kuhema kwa shida au kuongea vitu havieleweki, hayo yanaweza kuwa mafuta ya ndani ya mfupa yameingia kwenye damu, mkimbizeni hospitali usiku huohuo hata kama mguu haujavimba, na mkifika mlangoni tu semeni ana Duchenne na anatumia prednisoloni.